Mwaka wa Ekseli

Wanyama, mwenzangu wa zamani kazini, alinipigia simu nikiwa Naivasha, nimekaa kwa kinyozi nikisubiri amalize kichwa cha mtu mwingine. "Boss, Mama Akiru ametuacha. Tunazika Jumamosi, kule kwao Adungosi." Nikajibu sawa, kama mtu aliyeambiwa gari limechelewa, na zamu yangu ilipofika nikakaa kwenye kiti nikanyolewa. Jumamosi nilikuwa Adungosi chini ya turubai la kukodi, nimevaa koti ambalo si langu, nikiwatazama watu wakilia. Nilingoja na mimi nilie. Sikulia. Vijana walipoliinua jeneza niliona tu kwamba wamejipanga vibaya, wafupi mbele na warefu nyuma, na uzito wote ulikuwa ukiwashukia wale wafupi. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mwili wangu uliona siku ile. Nimeishi miji mingi na kila mji nimeuacha bila kuaga vizuri, lakini kubeba mzigo nilijifunza mahali pamoja, Malaba, na aliyeniwezesha kusimama chini ya mzigo ndiye huyu tuliyekuwa tukimzika. Hakuwa mama yangu. Hatukuwa hata na undugu wa mbali. Alinilisha kwa sehemu ya mwaka mmoja, basi, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Baada ya mazishi nilimkuta mumewe, mzee Okiring, amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, amekonda hadi shati limekuwa la mtu mwingine. Zamani mabega yake yalikuwa mapana kiasi cha kuziba mlango. Nilimpa mkono, nikataja jina langu, akanitazama muda mrefu. "Jina silijui," akasema. "Lakini hizo ni miguu za mtu wa baiskeli. Umekula?" Nikasema bado. "Bado! Hata kwa matanga ya huyu mama unataka kuangukia hapa? Wapi Wanyama? Wanyama, peleka mtu wako sahani kabla hajatuletea kazi ya pili." Wazee waliokaa naye wakacheka, na mwanamke mmoja aliyekuwa akilia akanyamaza kutazama ni nani huyo. Nilicheka pia, kwa sababu uso unajua kufanya hivyo wenyewe. Kisha nikakaa kwenye benchi na sahani ya wali na nyama magotini, na ule mwaka ukaja wote, bila uchungu, kama picha za mtu mwingine ninazoonyeshwa.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka Busia, ambako niliendesha boda boda ya baiskeli, nikivusha akina mama na mizigo yao kuingia Uganda na kuwarudisha. Pikipiki zilikuwa zimeanza kuonekana na sisi wa baiskeli tulizidi kubaki na abiria wale wasio na haraka. Hakuna aliyenifukuza. Niliamka tu siku moja nikaona barabara ile nimeijua yote, nikauza baiskeli na kwenda Malaba, ambako sikumjua mtu. Nikapata chumba kwenye ploti nyuma ya maegesho ya malori. Kilikuwa chumba cha mabati, kuta za ndani ni mbao nyembamba, na aliyegeuka kitandani upande wa pili nilimsikia. Nilikuwa na jiko la mafuta ya taa, sufuria moja, na godoro ambalo mpangaji aliyenitangulia aliliacha kwa sababu nilizojua nilipolilalia. Mchana kutwa malori yalinguruma mlangoni kwangu, na mchana kutwa nilisikia jamaa wa kikosi cha Okiring wakihesabiana magunia kwa Kiteso.

Kazi yao ilikuwa kuhamisha nafaka. Lori la kutoka Uganda na lori la Kenya yaliegeshwa yakipeana migongo, ubao mpana ukalazwa katikati, na watu wakaanza kupita juu ya ubao, kila mtu na gunia lake la kilo tisini, wakirudi kwa mbio nyepesi kuchukua lingine. Walijifunika kichwa na shingo kwa gunia tupu lililokunjwa pembe, kama kofia ya mtawa. Hawakugongana. Hawakusema mengi. Saa sita wote walikaa kwenye turubai moja, wakanywa maji kwenye jerikeni moja, na aliyekaribia kukaa bila kuwa mmoja wao aliangaliwa mpaka akainuka. Mimi nilikaribia nikainuka. Sijui kueleza zaidi ya hapo nilichotaka. Nilikuwa nimepita kwa watu wengi bila kuwa wa mtu yeyote, na wale watu walikuwa na turubai.

Nilimwomba Okiring nafasi. Alinizunguka kama ng'ombe wa mnadani. "Miguu unazo. Mgongo uko wapi?" Wanyama, ambaye alikuwa Mluhya pekee katika kikosi na kwa hiyo alipiga kelele kuliko wote, akasema, "Huyu mpe gunia, atalifunga kwa keria ya baiskeli aulize linaenda wapi." Okiring hakucheka. Akanielekeza nyuma ya gereji iliyokuwa mwisho wa maegesho, mahali vijana walipojenga miili. "Nenda kwa vyuma. Siku ile utainua ekseli mpaka nichoke kuhesabu, utakuja tukujaribu na gunia. Ukiangusha gunia kwa ubao, usirudi. Tajiri hanunui mahindi ya kuokota." Niliona ni haki. Hata leo naona ilikuwa haki.

Vyuma vyenyewe vilikuwa vipande vya malori yaliyokufa. Kulikuwa na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, minyororo, gia za kuninginiza, na katikati ya yote ile ekseli, nyeusi kwa grisi ya zamani, ambayo mafundi walikuwa wameichomelea magurudumu ya gia kila upande. Tuliinua alfajiri kabla gereji haijafunguliwa. Hakukuwa na mwalimu. Ulitazama aliyekutangulia, ukafanya alivyofanya, na kama ulikosea ulijua kwa maumivu. Siku za kwanza niliumwa kila mahali, hata nywele, na niliyafurahia maumivu hayo kwa sababu nilidhani ndio mgongo unaota. Kisha ikaja hali nyingine. Nilikuwa nikichuchumaa na ekseli mabegani, na wakati wa kusimama pembe za macho zikaanza kuwa nyeusi, weusi ukija polepole kuelekea katikati, na masikioni sauti kama redio iliyopoteza stesheni. Niliiweka ekseli chini nikashika ukuta. Jasho lilinitoka, lakini lilikuwa baridi. "Ni kawaida," kijana mmoja wa gereji akaniambia. "Damu inapanda." Nikakubali kwamba damu inapanda.

Ilizidi. Nilikuwa nikirudi chumbani baada ya mazoezi na mkono hauwezi kuwasha kiberiti. Njiti ilitetemeka ikapita kando ya boksi. Nikiinama kufunga kamba za viatu, sakafu ilijongea. Magoti yalikuwa maji. Nilipiga miayo mchana kutwa bila usingizi. Kilichonishangaza, na kinachonishangaza bado, ni kwamba sikuogopa. Niliitazama ile hali kwa mbali, nikaendelea kwenda kwa vyuma kila alfajiri, nikiongeza, kwa sababu nilikuwa na akili moja tu, kwamba aliye dhaifu aongeze uzito mpaka udhaifu uchoke.

Nilienda kwenye zahanati ya mtu binafsi karibu na steji ya matatu. Daktari, kama alikuwa daktari, aliniuliza kama nahisi baridi, kama kichwa kinauma, kama nimesafiri, kama nina mpenzi, kama nimekunywa maji ya mtoni. Alinitoa damu kidoleni. Akaniambia malaria haionekani, lakini huenda imejificha, na taifodi nayo haieleweki, kwa hiyo akanipa dawa za zote mbili. Nilizimeza zote. Zilinifanya nisikie kengele masikioni juu ya ile redio, nikaendelea kuinua ekseli nikiwa na dawa tumboni bila kitu kingine.

Maana sikuwa nikila asubuhi. Na hilo lilikuwa na sababu, ambayo nilidhani ni sababu ya watu wazima. Siku zangu za mwanzo Malaba, nikizungukazunguka karibu na kikosi, nilinunua mandazi kwa mama mmoja wa kando ya barabara, na Wanyama akaniona natafuna. Akaniita mbele ya wenzake. "Wewe mtu wa keria! Unataka kazi ya gunia na unakula barabarani? Hiyo ni ya matanboi." Tanboi ni yule msaidizi wa dereva wa lori, na wapakiaji waliwadharau kwa kulala chini ya magari na kula popote. "Mtu wa gunia hali barabarani. Akianza kazi ameanza, mpaka jua lisimame." Nilimtazama Okiring, naye akaitikia kwa kichwa. Kuanzia siku ile niliwachunguza. Kweli, walikuja kila asubuhi mikono mitupu, hakuna chai, hakuna andazi, hakuna hata muwa, wakapanda kwenye lori wakabeba mpaka saa sita. Nikaona hapo ndipo siri ilipo. Nikaacha kula asubuhi. Mchana nilikunywa chai ya rangi, jioni nikapika ugali kidogo na sukuma, kwa sababu wao jioni sikuwaona na sikujua wanafanya nini. Nilihesabu njaa kuwa sehemu ya mazoezi.

Nilikonda. Shingo ilibaki shingo na mishipa. Na Malaba ya wakati ule, mji wa madereva na vyumba vya kulala, kijana akikonda watu walikuwa na jibu moja tu. Nililisikia kupitia ukuta wa mbao. Jirani yangu, mwanamke wa Tororo aliyebadilisha pesa mpakani, alikuwa na mgeni, wakipika samaki, na niliisikia harufu yake kabla ya maneno. "Huyo wa hapa kando," jirani akasema, "amekwisha. Hata ndoo ya maji anapumzika nayo njiani." Mgeni akauliza, "Ni kile kitu?" Jirani akasema, "Na ni nini kingine? Na bado anaenda kubeba vyuma, maskini, anadhani atakitoa na jasho." "Si umwambie aende apimwe." "Mimi? Anianze? Wee, pindua samaki." Nilikuwa nimelala chali nikitazama mabati. Nikajiuliza kama ni kweli. Nikajibu kwamba huenda ni kweli. Sikusikia chochote kifuani. Jambo lililonisumbua lilikuwa moja, kwamba maneno hayo yakimfikia Okiring, hakuna kikosi kitakachoniruhusu kunywa kwenye jerikeni yao, na nafasi yangu itakuwa imekwisha kabla ya kujaribiwa.

Yalimfikia. Alikuja mwenyewe nyuma ya gereji alfajiri moja, na Wanyama nyuma yake, akasimama mikono nyuma. Alisema, "Inua tuone." Nilijua amekuja kunifuta. Nikajifunga mkanda, nikaingia chini ya ekseli, nikasimama nayo. Nikachuchumaa, nikasimama. Mara ya tatu au ya nne weusi haukuja kutoka pembeni. Ulikuja wote pamoja, kama mtu amefunga mlango. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, ekseli imeshikwa na watu wengine, na Wanyama ananimwagia maji ya rejeta ya lori usoni. Okiring alikuwa amechuchumaa kando yangu. Nilingoja aniulize kuhusu ule ugonjwa. "Umekula nini?" akauliza.

"Sijala."

"Jana ulikula nini?"

"Ugali. Jioni."

"Nauliza asubuhi, kabla ya chuma."

"Mzee, watu wa gunia hawali asubuhi," nikasema. "Si Wanyama aliniambia?"

Kisha Wanyama akakaa chini kwenye changarawe, akashika tumbo. "Mungu wangu! Nilisema barabarani! Nilisema hali *barabarani*!" Fundi aliyekuwa akifungua gereji akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akaegemea mlango akicheka. Okiring ndiye hakucheka mara moja. Akaniambia polepole, kama anavyoambiwa mgeni wa nchi, "Kijana, sisi tumekula kabla jogoo hajamaliza. Mwanamume wa Kiteso atoke kwake bila atap tumboni, anaenda wapi? Hatuli barabarani kwa sababu tumeshiba. Wewe ulidhani tunabeba mahindi ya watu na nini, na upepo?" Hapo ndipo naye akacheka, na mimi nikalala pale nikitazama anga likianza kupauka. Ingefaa nione haya, au nifurahi kwamba huenda siumwi. Niliona tu kwamba changarawe ni baridi mgongoni.

Kesho yake alfajiri nilikuwa jikoni kwa Mama Akiru. Walipanga nyumba mwisho wa mji, upande wa kwenda Adungosi, na jiko lilikuwa kibanda cha udongo chenye moshi uliokaa kimo cha kichwa, hivyo mtu alikaa chini ya moshi kwenye kigoda na kula akiwa ameinama. Alinipa atap ya usiku, ule ugali mzito wa wimbi na muhogo, mwekundu, umepashwa moto mpaka ukawa na ngozi, na kunde zilizotiwa njugu za kusaga. Nilitazama lile tonge. "Kijana," akasema, "usiangalie chakula kama barua ya kortini. Weka kwa mdomo."

"Ni nyingi, mama."

"Nyingi kwa nani? Kwenu mnakulanga nini, sala?" Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kuku. Okiring alikula upande wake bila kusema, akamaliza, akanawa, akangoja. Nilipodhani nimemaliza, mwiko ulikuja tena juu ya bega langu na bonge lingine. "Huyu tumbo lake limesahau kazi," akamwambia mumewe kwa Kiswahili ili nisikie. "Tutalikumbusha."

Nilikula pale kila alfajiri kwa miezi. Nilikuja kulijua lile jiko kuliko nilivyojua chumba changu. Nilijua mahali pa kuweka mguu ili kigoda kisiyumbe, nilijua kuku gani angepita juu ya kuni. Nilisikia mazungumzo yao, ambayo hayakuwa makubwa. Ng'ombe wa Adungosi anakaribia kuzaa. Shemeji anataka kuoa tena na hajamaliza kuoa wa kwanza. Mama Akiru alikuwa akiniuliza habari za Busia, za nguo, za bei ya vitenge upande wa pili, na nikaona najibu zaidi ya neno moja. Kizunguzungu kilirudi nyuma kidogo kidogo. Njiti ilianza kupata boksi. Siku moja nilisimama na ekseli na pembe za macho zikabaki nyeupe mpaka mwisho, nikasimama tena, na tena, mpaka kijana wa gereji akasema atatafuta mtu mwingine wa kuhesabu. Mama Akiru alinishika mkono juu ya kiwiko asubuhi iliyofuata, akaubonyeza kama anayenunua parachichi. "Imekuja," akasema, akaniongezea kunde.

Okiring alinijaribu katika lori la maharagwe. Gunia liliwekwa mabegani kwangu na watu wawili, na lilipotua nilisikia kila pingili ya mgongo ikichukua sehemu yake. Nikaingia kwenye ubao. Ubao unayumba katikati, na hapo ndipo wengi huangusha, kwa sababu wanasimama kuuliza miguu. Sikusimama. Nikavuka, nikashusha, nikarudi kwa mbio nyepesi kama nilivyowaona wakirudi, nikachukua lingine. Saa sita Wanyama alisogea kwenye turubai bila kunitazama, pakabaki nafasi ya mtu mmoja kando yake. Nikakaa. Jerikeni ikanifikia, nikanywa, nikaipitisha. Okiring alisema tu, "Kesho mapema."

Hivyo ndivyo nilivyopata kile nilichokitaka. Alfajiri iliyofuata niliamka, nikanawa uso, nikaenda kwa Mama Akiru kama kawaida, nikainama kupita chini ya moshi. Vigoda vilikuwa viwili. Kile nilichozoea kukalia kilikuwa ukutani na sufuria juu yake. Okiring alikuwa akila, akainua macho, kisha akamtazama mkewe.

"Kwani hukumwambia?" Mama Akiru akamuuliza.

"Nilidhani anajua," Okiring akasema. Akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba mtu wa kikosi hali kwa mwenzake kabla ya kazi. Yeye Okiring ndiye anayegawa malipo jioni. Mtu aliyelishwa jikoni kwake hawezi kusimama mbele ya wengine aseme, Okiring, hapa umenipunja, na wengine nao watasema huyu anapendelewa. Ilikuwa hivyo tangu baba yake akibeba pamba. "Ulipokuwa mgonjwa ulikuwa mgeni wetu. Sasa wewe ni mtu wetu."

Nilisema nimeelewa. Na nilielewa. Sijawahi kupata kosa katika sheria ile, na nimeifikiria katika miji mingi. Mama Akiru alitoka akanifuata mpaka kwenye ua akiwa na unga wa atap umefungwa kwenye kitambaa. "Maji yachemke kweli kweli, usiharakishe," akasema. "Ukiona mabonge, ni wewe umeogopa. Tia nguvu. Si sasa unazo?" Nikamshukuru. Akarudi ndani, maana mumewe alikuwa akimalizia na angehitaji maji ya kunawa.

Nilirudi chumbani nikawasha jiko. Njiti iliwaka mara ya kwanza. Nilisonga ule ugali nikiwa nimesimama, ukawa na mabonge, nikaula wote nikiwa nimekaa kitandani, nikisikia jirani akikohoa nyuma ya mbao. Kisha nikachukua gunia langu tupu, nikalikunja pembe, nikaenda kazini. Tulihamisha malori mawili siku ile. Nilivuka ubao kutwa nzima na macho yangu yalikuwa safi mpaka pembeni, mikono imetulia, magoti imara. Mwili ulikuwa umepona kabisa.